Dashibodi ya Rangi ya Mkandaa

Rangi ilikauka kote isipokuwa mahali pamoja.

Nusaiba alipagusa kwa ncha ya kidole cha mwisho, kidole anachokitunza kwa kazi hiyo peke yake kwa kuwa hakishiki msasa wala thina ya kuyeyushia rangi, na kidole kikatoka na wekundu. Palikuwa mbele ya siti ya abiria, juu kidogo ya droo ya kuwekea karatasi za gari, upana wa kiganja. Upande wa usukani rangi ilikuwa imeshika barabara. Katikati, palipo na redio, imeshika. Hata kwenye kingo za matundu ya hewa, ambako rangi hupenda kuchelewa, ilikuwa imeshika. Na jua la Kibiti lilikuwa limelalia bati la karakana tangu jana kana kwamba halina pengine pa kwenda.

"Azan," aliita. "Hebu njoo uguse hapa."

Azan alikuwa upande wa pili wa banda, ameinamia cherehani, anashona siti ya pikipiki. Banda walikodi pamoja: yeye anashona viti, Nusaiba anabadilisha rangi za ndani ya magari. Alikuja anajifuta mikono kwenye suruali, akagusa, akakitazama kidole chake.

"Umezidisha thina."

"Sijazidisha."

"Basi umepunguza."

"Azan, mimi napima."

"Najua unapima, Profesa. Mji mzima unajua. Hata chumvi ya mihogo unaipima." Akacheka, lakini alipokipangusa kile kidole kwenye tambara wekundu haukutoka, akaacha kucheka. "Mbona kama kina joto?"

Nusaiba aliinama akapatazama tena. Alikuwa amesoma kemia chuo kikuu, na kazi ya kemia ilipokataa kuja alikwenda kukaa kwa fundi mmoja Dar, akajifunza kuosha plastiki ya dashibodi mpaka itoe mafuta yote, kuipiga msasa wa maji, kuipa praima, kisha kuivika rangi kwa matabaka mepesi, moja likauke ndipo lije jingine. Aliporudi Kibiti watu walimcheka. Ni nani, waliuliza, atakayetoa dashibodi nyeusi nzima aipake rangi ya maziwa? Kumbe walikuwepo. Na walipoona kazi yake haichubuki wala haipasuki juani wakawa wanamletea hata wale waliocheka. Rangi kukataa kukauka, katika banda lake, kwa mkono wake, halikuwa jambo la kuchekwa hata kidogo.

Tena gari lenyewe halikuwa la mtu baki. Lilikuwa Noah ya shemeji yake, Mfaume, anayenunua kamba huko Mbuchi na kuwapeleka mjini. Aliyelileta, akiendeshwa na dereva, alikuwa dada yake, Mwanaharusi. Alishuka kwa shida upande wa abiria, mkono kiunoni, tumbo limetangulia. Nusaiba alipoliona tumbo lile aliacha bomba la kupulizia chini akamkimbilia. Mimba zote zilizotangulia zilikuwa zimetoka, na hii ndiyo ya kwanza kufika mahali pa kuonekana na watu. Hakuna mtu duniani ambaye Nusaiba alimtakia mtoto kama alivyomtakia Mwanaharusi. Mama yao alipofariki, baba akiwa amekwishaoa Mafia na kutulia huko, ni Mwanaharusi aliyebaki naye. Alimwogesha, akamsuka, akamkalia mlangoni shuleni siku za mitihani, akauza mikeka mpaka Nusaiba akamaliza chuo.

"Nataka dashibodi iwe hivi," Mwanaharusi alisema siku hiyo, akatoa kitambaa kwenye mkoba wake. "Hivi hivi, Nusaiba. Isizidi, isipungue."

Kilikuwa kipande cha nguo kuukuu, kizito, cha rangi ile wanayoipata wanawake wa delta wakichemsha magome ya mkandaa, mti wa mikokoni, ili watie ukili wa mikeka. Rangi yenye inda. Juani nyekundu, kivulini kahawia, ikilowa inakaribia weusi. Fundi mwingine angesema haiwezekani, angempa mteja rangi ya matofali wakamalizana. Nusaiba alifurahi. Alichanganya, akapaka kwenye kipande cha plastiki, akalinganisha juani, akalinganisha kivulini, akamwaga, akachanganya tena, mpaka alipokiweka kile kitambaa juu ya kipande chake kitambaa kikapotea machoni.

Kabla ya kuondoka dada yake alimnyooshea doti ya khanga, mpya, bado ina gundi ya dukani.

"Ujira wako."

"Dada! Hivi mimi wa kukutoza wewe?"

"Hutaki?"

"Sitaki bwana, nenda nayo."

"Sema vizuri, nisikie."

"Sitaki ujira kwako, dada. Wewe umenilea." Nusaiba alicheka. "Azan, kuwa shahidi, huyu mama ananitesa."

Azan alisema amekuwa shahidi. Mwanaharusi aliirudisha khanga mkobani haraka, akapanda bodaboda iliyokuwa inamsubiri, akaondoka bila kugeuka nyuma. Kitambaa alikiacha.

Hayo yote Nusaiba aliyakumbuka baadaye. Wakati ule alikuwa na haraka ya kurekebisha kazi. Ilipofika adhuhuri na sehemu ile bado mbichi, aliamua kuiondoa aianze upya. Azan alikuwa ametoka kwenda msikitini na ufunguo wa gari ulikuwa mfukoni mwake.

Alifunga milango ili vumbi la barabarani lisiingie, akajifunga kitambaa puani, akalowesha msasa laini akaanza kusugua taratibu, kwa duara, kama alivyofundishwa, akitazamia kufika kwenye praima ya kijivu na chini yake plastiki nyeusi. Lakini msasa ulitoa wekundu, na chini ya wekundu ukatoa wekundu mwingine, mbichi zaidi, na alivyozidi kusugua ndivyo harufu ilivyozidi kupanda, si harufu ya thina, ile angeijua hata usingizini, bali harufu ya matope ya mikokoni maji yakishakupwa, na juu yake harufu ya magome yanayochemka chunguni, na matundu ya hewa, gari likiwa limezimwa, yakaanza kuvuta pumzi, ndani, nje, ndani, nje, polepole, kama mtu aliyejilaza mchana baada ya kushiba, mpaka Nusaiba akajikuta naye anavuta pumzi kwa mwendo huohuo na hawezi kuuacha, macho yanaingia giza, mkono wake unaendelea kusugua peke yake, na akajua waziwazi kwamba atazimia mle ndani na hakuna atakayemwona.

Mlango wa upande wake ukafunguka.

Haukusukumwa. Kitasa kilivutwa kwa ndani, taratibu, mlango ukaachwa wazi, na hewa ya nje ikaingia. Kisha ile siti ya abiria, aliyokuwa amepiga goti moja juu yake, ikabonyea kidogo pembeni mwa goti lake, kama mtu anayesogea kumpisha apite.

Azan aliporudi alimkuta amekaa chini kwenye mchanga, nje, msasa bado mkononi.

"Nani alikufungulia?" aliuliza. "Ule mlango haufunguki kwa ndani. Tangu walipolileta gari. Hata dada yako nilimfungulia mimi kwa nje."

"Zungumza polepole."

"Kwa nini?"

"Lisisikie."

Azan alilitazama gari. Lilikuwa limetulia, mlango wazi, dashibodi inang'aa mle ndani. Akachuchumaa kando yake, akanong'ona, "Profesa, mimi nilipoondoa zile siti juzi kuzitoa vumbi, ya abiria ilikuwa nzito. Nikasema labda nimechoka. Nikaijaribu tena asubuhi nikiwa sijachoka."

"Ikawaje?"

"Ikawa nzito zaidi."

Nusaiba alimpigia simu dada yake. Iliita sana ndipo ikapokelewa.

"Haloo. Nani mwenzangu?"

"Shikamoo, dada. Mimi."

"Marahaba. Mimi nani?"

"Nusaiba! Namba yangu umeifuta?"

Nyuma yake walisikika kuku na mtu anayepepeta mchele. Mwanaharusi aliposema tena, sauti ilikuwa yake ileile, lakini haikuwa imebeba kitu, kama ndoo iliyochotewa ikarudishwa mahali pake tupu.

"Ah. Gari. Lisirudi huku. Mfaume kapata jingine."

"Lisirudi? Dada, gari zima? Sikiliza, kuna jambo humu ndani, sijui hata nilielezeje…"

"Kaa nalo," Mwanaharusi alisema, akakata simu.

Nusaiba aliitazama simu. Dada yake hakuwahi hata mara moja, katika maisha yake yote, kukata simu kabla ya kumuuliza amekula nini.

Ni Azan aliyemleta Bi Waride, mganga wa Dimani, alasiri, nyuma ya pikipiki. Alikuwa mama mwenye umbo dogo, wa miwani, mikono yake imebabuka kwa utomvu wa korosho. Hakuwa na tunguli wala kitambaa cha kichawi. Alikuwa na mfuko wa plastiki wenye ubani, na hata huo hakuufungua. Alilizunguka Noah kwa mbali, akasimama usawa wa kioo cha abiria, akachungulia, kisha akatoa salamu, si kwao.

Waliokuwa wanapita barabarani walipita. Ndani ya gari matundu ya hewa yalitoa pumzi moja ndefu.

"Kaitikia," Bi Waride alisema, akarudi nyuma. "Nani alilinganisha rangi hii?"

"Mimi, bibi."

"Umelinganisha vizuri." Alisema kama mtu anayetoa pole. "Ungekosea kidogo tu, mwanangu, asingekaa. Wengi hukosea. Huwa ni salama yao."

Azan alimsogezea Nusaiba kigoda.

"Mama yenu alikuwa na watu?"

Kwao, kusema mtu ana watu ni kusema ana jini. "Alikuwa naye mmoja," Nusaiba alijibu. "Tuliambiwa amekwenda naye kaburini."

"Hawaendi. Mama akienda hubaki kwa binti mkubwa. Dada yako amekuwa naye tangu msiba. Na huyu si wa kutolewa kwa moshi, ni wa ukoo, anahamishwa tu, kutoka damu hadi damu." Bi Waride aliivua miwani akaifuta kwa pindo la mtandio. "Zamani alijengewa kibanda. Naona siku hizi wanatumia magari. Lakini sharti ni lilelile. Pawe pa rangi yake, sawasawa na nguo yake. Pajengwe na mkono wa ndugu. Na huyo anayejenga, akishika ujira, chochote, hata yai, basi ni fundi tu, kafanya kazi ya watu, anakwenda zake. Akikataa ujira, amejitolea. Anakuwa mwenyeji wake." Akaivaa tena. "Alikupa ujira?"

Azan ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo mno, "Alimpa khanga. Akaikataa. Nilikuwa shahidi."

"Alimpa vipi? Alimbembeleza?"

"Alimuuliza mara mbili kama hataki."

"Basi alifundishwa," alisema Bi Waride. "Na aliyemfundisha alijua kwamba mdogo aliyelelewa hamtozi aliyemlea. Huu mlango hauna kufuli ila hilo."

Lori lilipita barabara kuu, bati la banda likatetemeka, likatulia. Nusaiba alikuwa anaangalia mikono yake. Kila tabaka alilolipuliza lilimrudia, na subira yote aliyoitumia kuutafuta ule ukahawia wa kivulini, huku akijisemea moyoni dada atafurahi, dada ataona.

"Anarudishwaje?" aliuliza.

"Unairudisha dashibodi rangi yake ya mwanzo, kwa mkono wako huohuo, mbele ya macho ya aliyekuletea. Sugua kidogo, paka kidogo, si lazima yote. Atarudi alikotoka."

"Na mimba?"

Bi Waride aliangalia barabara. "Zile za mwanzo zilitokaje, mwanangu?"

Azan alimwambia, "Nakupenda kama dada yangu wa tumbo moja, Nusaiba, lakini humo siingii." Akampa kopo la rangi nyeusi, brashi na msasa, akamfungia mlango kwa nje kama anavyofungiwa mgonjwa.

Ilikuwa asubuhi iliyofuata, jua limeshapanda. Njia ya kwenda Mbuchi ina vumbi, kisha ina mashamba ya mpunga, kisha daraja, na upande wa pili mikoko inaanza kuja karibu na barabara kama inataka kusikia mnazungumza nini. Nusaiba aliendesha macho mbele. Hakutaka kuitazama siti ya abiria. Hakuhitaji. Kila aliposhika breki siti ile iliguna kama inavyoguna chini ya mtu mzima. Na jua lilipomchoma usoni kile kibao cha kuzuia mwanga kikashuka chenyewe mbele ya macho yake. Na jasho lilipoanza kumtiririka matundu ya hewa yakajigeuza, moja baada ya jingine, kwa mlio mdogo wa plastiki mpya iliyopakwa rangi, yakamwelekea shingoni, yakampuliza hewa baridi yenye harufu ya magome, polepole, kwa uangalifu, hewa ambayo haikuwa na haja ya mashine yoyote, na kilichomtia hofu kuliko vyote, kilichomfanya akaze usukani mpaka vidole vikafa ganzi, ni kwamba mwili wake haukuogopa, mwili wake ulikuwa unatulia, mabega yanashuka yenyewe, kama yanavyoshuka mabega ya mtoto anayepepewa na mkono anaoujua.

Alimkuta Mwanaharusi uani, ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, anapepeta mchele. Alikuwa amenawiri. Uso ulijaa, ngozi ilitulia, na macho, Nusaiba aliona mara moja, yalikuwa ya mtu aliyelala usingizi mzuri. Alipoliona gari ungo ulimwanguka.

"Nilikwambia lisirudi!"

"Shikamoo, dada."

"Liondoe hapa!"

"Nakuamkia."

"Marahaba. Liondoe!"

Nusaiba alikuwa ameshuka. Alisimama na kopo mkono mmoja na msasa mkono wa pili. Maneno aliyoyapanga njia nzima yalikuwa yamemkauka. Yalibaki yale ya chini kabisa.

"Ungeniomba," alisema. "Dada, ungeniomba tu. Ungekuja ukaniambia, Nusaiba, mtoto wangu anakufa tumboni, hebu nibebee huyu mtu. Unadhani ningekataa? Wewe? Ningekukatalia nini wewe?"

"Ningekuombaje?"

"Kwa mdomo! Kama unavyoomba chumvi!"

"Ningemwombaje mtu nisiyemjua?"

Nusaiba alidhani hakusikia sawasawa. Mwanaharusi alijivuta akasimama, akishika ukuta, na alipozungumza hakuwa na hasira tena. Alikuwa kama mtu anayemweleza mgeni njia.

"Nakukumbuka mchanga, mama yuko hai. Unalia, una upele. Halafu nakukumbuka umevaa joho la chuo, unapigwa picha, watu wanapiga vigelegele, mimi nimesimama pembeni nimeshika ua, sijui nimefikaje hapo. Katikati hamna kitu." Alijigusa kifua. "Siku moja moja nilikuwa narudi. Nakuta nimekuwa mtu mzima. Nakuta nimeolewa. Nakuta damu miguuni, wanawake wamenizunguka wananipa pole ya mtoto, na mimi sijui hata kama nilikuwa na mimba. Kisha ananichukua tena. Na kila nikirudi nasikia watu wananisifu. Mwanaharusi kamlea mdogo wake. Mwanaharusi ana moyo." Alijifuta uso kwa khanga. "Wewe ulilelewa. Mimi niliporwa."

"Uongo," Nusaiba alisema.

"Niulize kitu."

"Nilipougua surua. Ulinilaza wapi?"

Mwanaharusi alitikisa kichwa.

"Niliogopa nini nikiwa mdogo?"

Akatikisa tena.

"Nilikuwa nakuita nani? Nilikuwa na jina langu mwenyewe la kukuita, hakuna mwingine aliyelijua. Lilikuwa nani?"

"Sijui," alisema Mwanaharusi. "Wallahi sijui. Nisamehe, bibi wee, sikujui. Nilimtafuta mtu wa damu yangu, nikaambiwa upo Kibiti."

Kwenye ukingo wa mto Mfaume alikuwa anapanga kamba kwenye barafu. Aliinua kichwa, akawaona, akakiinamisha. Naye alijua. Yawezekana kijiji kizima kilijua.

Nusaiba alirudi kwenye gari akafungua mlango wa abiria. Hasira yake ilikuwa nyeupe, safi, haina mtu ndani. Alifungua kopo. Alikunja msasa, akauweka juu ya ile sehemu mbichi, na kabla hajasugua, Mwanaharusi, mbele ya macho yake, alijishika tumbo kwa mikono yote miwili akapiga magoti mchangani. Hakupiga kelele. Alimtazama tu, kama anavyotazamwa mtu mwenye panga.

"Malaika wangu wa mvua," yalisema matundu ya hewa.

Mkono wa Nusaiba ukasimama.

Ilikuwa sauti ya dada yake. Si ile ya simu, si hii ya uani. Ile ya utotoni, ya chini, yenye mkwaruzo wa mtu aliyekesha. Na hilo ndilo lilikuwa jibu. Aliogopa mvua, mvua kubwa za delta zinazopiga makuti usiku kucha, na kwa ajili hiyo aliitwa hivyo, mdomo sikioni, jina lililojulikana na watu wawili tu duniani.

"Sugua ukitaka," sauti ilisema, kwa upole. "Nitarudi kwake. Sina ugomvi."

"Utaua mtoto."

"Wale sikuwataka."

"Kwa nini?" Nusaiba alinong'ona. Alijua hapaswi kuuliza. "Walikukosea nini?"

Pumzi ikaingia, ikatoka. "Mtoto nilikuwa naye."

Jua lilikuwa kali, kuku walikuwa wanadonoa mchele uliomwagika, na dada yake, huyu mwanamke mwenye uso wa dada yake, alikuwa bado amepiga magoti anasubiri hukumu. Nusaiba alihesabu moyoni vile vichanga vilivyotoka, akaona vimekaa vyote mabegani mwake, kila kimoja na mlo aliolishwa yeye, na nywele alizosukwa yeye, na wimbo. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa amependwa kwa gharama ya watu, na hakuna hata mmoja aliyemwambia.

Aliutupa msasa. Akakifunika kopo, akakigonga kifuniko kwa ngumi pande zote ili rangi isije ikakauka ndani, kama afanyavyo fundi hata siku ya msiba.

"Nenda," Mwanaharusi alisema, machozi yanamtoka, mikono bado tumboni. "Mungu akulipe. Nenda, usirudi."

Nusaiba aliendesha. Hakujua kama amemwonea huruma yule mtoto, au kama ni wivu tu, kwamba hakutaka kumwachia mtu mwingine kitu pekee kilichowahi kumwita hivyo. Alijaribu kulipima jambo hilo kama anavyopima kila kitu, na mizani haikukaa. Pembeni yake siti iliguna, ikajiweka vizuri kwa safari. Kwenye dashibodi, sehemu ile mbichi ilikuwa imeanza kukauka, kutoka kingoni kuja katikati, mbele ya macho yake.

Walipofika kwenye mashamba ya mpunga hapakuwa na mtu barabarani. Hapo ndipo alipouliza, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizana na abiria wake.

"Dada alinipenda, hata siku moja?"

"Siku zote," ilijibu sauti ya Mwanaharusi.

Nusaiba akapandisha vioo vyote, sauti isije ikatoka.